Midomo Niliyoikanda

Chanji, Sumbawanga
Jumapili alasiri

Resti wangu,

Umekwenda Kasense kumuaga bibi yako, na namjua mama yangu, hatakuachia mpaka akujazie unga wa ulezi hadi mshikio wa mfuko ukatike. Kwa hiyo nina kama saa tatu za kukaa na kalamu bila wewe kuchungulia begani. Baba yako yuko uani analifunga sanduku lako kwa mpira wa baiskeli. Analifunga, analifungua, analifunga upya. Ameniambia nikuandikie maagizo ya safari, maana yeye, eti, si mtu wa maneno mengi.

Siyaandiki. Habari za koti, za kutokununua mayai ya kuchemsha Tunduma, za kukumbuka kuandika barua, atakueleza mwenyewe kesho asubuhi, tena mara tatu, na wewe utaitikia kila mara kama ndiyo kwanza unasikia. Mvumilie. Baba yako hajui kulia, anajua kuagiza.

Mimi nataka kukuandikia juu ya midomo.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikuwa tunapepeta ulezi mlangoni, wewe na mimi. Ukaniambia kwamba Joyce, yule mwenzako wa sekondari aliyekutangulia kwenda kusomea uuguzi huko Mbeya, amekuandikia habari za daktari mmoja anayepunguza midomo. Anakata kipande kwa ndani, anashona, uvimbe ukishuka mtu anabaki na mdomo mwembamba kama wa wale wasichana wa kwenye magazeti. Ukasema utakwenda kumwona kabla masomo hayajaanza. Kisha ukanitazama, ukatabasamu, mkono umeuziba mdomo kama kawaida yako, ukasema, "Nilijua utafurahi, Mama."

Nikasema maharage yanaungua, nikakimbilia jikoni. Siku hiyo hatukuwa na maharage jikoni, na wewe ulijua.

Ungesema, "Najua utakasirika," ningekasirika papo hapo. Ningepiga kelele hadi jirani asogee dirishani. Kazi hiyo naiweza na huwa nalala vizuri baada yake. Lakini ulisema nitafurahi. Ulikuwa unaniletea zawadi. Siku nane nimekuwa nikijiuliza mtoto wangu alijifunza wapi kwamba hiyo ni zawadi kwangu, na kila nikijiuliza jibu ni lile lile. Inaniuma, Resti, na nimeona nisikuache upande basi kabla sijakuambia.

Nianze na kovu langu. Umekua ukijua kwamba mdomo wangu wa chini uliunguzwa na uji wa moto. Ndivyo nilivyokuambia ulipokuwa na miaka minne ukinigusa kwa kidole, na ndivyo ulivyowaambia wenzako shuleni. Hakukuwa na uji.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yako alikuwa amehamishiwa huku kutoka kwao Mbeya, bwana shamba kijana, kaptura imepigwa pasi hadi inaweza kusimama yenyewe. Alitumwa Kasense kutufundisha kulima matuta. Sisi! Watu ambao tunafukia majani kwenye matuta tangu hakuna anayejua lini. Babu yako alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja, kisha akamwuliza kama ameshakula. Mimi ndiye niliyemletea maji ya kunawa, na nilikuwa nimecheka mpaka machozi yananitoka. Baadaye baba yako aliniambia kwamba alikuja kuposa kile kicheko, mengine yote aliyakuta ndani.

Basi akapeleka picha yangu kwao. Jibu likaja kwa mkono wa dada yake, shangazi yako Atupele. Baba yako wa wakati ule alikuwa hajui kuficha kitu, akanisomea barua yote kwa sauti, tumekaa kwenye gogo nyuma ya nyumba ya bibi yako. Picha tumeiona, msichana ni mzuri, anaonekana mchapakazi. Ila midomo hiyo, kaka, itatangulia kufika kanisani.

Akacheka sana. Na mimi nikacheka. Nilicheka nimejiziba kwa pindo la kanga, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Sikumwambia mtu kitu. Wiki iliyofuata mama yangu mdogo alikuwa anapeleka maharage Kasesya, mpakani, nikajipachika kwenye safari yake. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja pale, amepanga vikopo juu ya gunia, na kimoja kilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu aliyefunga macho. Nikamwonyesha mdomo bila kusema neno. Naye hakuniuliza. Alisema tu, "Unapaka, unafunga kitambaa, unalala. Wenyewe watakuuliza umefanyaje." Mpaka leo sijui mlikuwa na nini ndani ya kikopo kile. Siku ya kwanza kiliwasha, nikasema dawa inafanya kazi. Siku ya pili kilichoma, nikasema inafanya kazi zaidi. Siku ya tatu nilipofungua kitambaa, ngozi ilitoka nacho.

Mama yangu nikamwambia ni uji. Yeye aliyejua vizuri kwamba asubuhi ile hakupika uji.

Harusi ilikuwa imebaki majuma mawili. Kanisani shela ilinisaidia. Lakini unajua kwa bibi yako harusi haijaisha mpaka bwana na bibi harusi wainame kwenye chungu kimoja cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake, na watu wawazunguke waone pombe inashuka. Nikainama. Nikaweka mrija mdomoni, nikavuta, ikaja hewa. Mdomo haukuweza kufunga. Ulikuwa umekauka upande mmoja na upande mwingine ukiwa bado kidonda. Nikavuta tena, pombe ikanitiririka kidevuni, ikaingia kwenye gauni la kuazima. Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, na Resti, hakuna kelele mbaya kama watu wa harusi wakinyamaza.

Baba yako akageuka akaniona. Akainamisha kichwa karibu na changu hadi watu wasione nani anavuta na nani havuti, akaanza kunywa. Alikunywa yake na yangu. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo pombe haikuwahi kuingia! Chungu kikashuka, watu wakapiga vigelegele, na kabla jua halijazama bwana harusi alikuwa anawafundisha wazee kulima matuta kwa mara ya pili. Watu wa Kasense wanaisimulia mpaka leo na wewe umeisikia mara nyingi ukacheka. Sasa unajua kwa nini alilewa.

Kesho yake aliniuliza mdomo umefanya nini. Nikamwambia uji, na hakuuliza tena.

Tangu hapo mrija sijaushika. Wenzangu wakizunguka chungu, mimi husema tumbo linanisumbua, nikapewa kikombe pembeni kama mgonjwa. Mluzi, ambao nilikuwa nawaitia mbuzi wa babu yako kutoka ng'ambo ya bonde, ukaisha. Ulipofaulu kwenda sekondari majirani wote walipiga vigelegele uani kwetu, mimi mama mzazi nikapiga makofi. Nikifungua mdomo sana kovu linavuta. Vitu vidogo, utasema. Ni kweli, ni vidogo, lakini hakuna aliyeniambia kwamba mdomo unafanya kazi nyingi namna hiyo. Nilidhani kazi yake ni kutazamwa.

Na shangazi yako? Alikuja kwenye ubatizo wako. Mimi nimejiandaa, nimejifunga kanga hadi puani. Akashuka kwenye gari, nikamtazama, na nakuapia, mwanangu, alikuwa na midomo kama niliyokuwa nayo mimi. Mizito kuliko yangu, hata. Alikuwa anacheka nayo kutoka mlangoni mpaka jikoni, haoni haya hata kidogo. Siku ya tatu nikapata ujasiri, nikamkumbusha barua yake. Akashangaa kweli. "Mimi, wifi? Niliandika hivyo?" Akajaribu kukumbuka, akashindwa, akaniuliza kama kuna chumvi ya ziada. Mimi nimeubeba mstari ule mwilini, na aliyeuandika hana habari nao. Atakupokea kesho stendi ya Mbeya. Mpende, ni mtu mwema, na usimwambie.

Haya niliyoandika mpaka hapa yalikuwa mepesi. Sasa yale mazito.

Ulipozaliwa ulikuwa na midomo yangu ile ya zamani. Wote waliokuja kukuona walisema, "Huyu ni mama yake mtupu," na mimi nilipatwa na hofu. Bibi yako alikaa kwetu siku arobaini akakukanda kama watoto wote wanavyokandwa, kichwa kiwe cha duara, miguu inyooke, pua isilale. Midomo hakuigusa. Midomo nilijiongezea mwenyewe. Kila jioni nilichovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikakikamua, nikakubonyeza midomo kwenda ndani, nikihesabu mpaka thelathini. Ulikuwa unalia mpaka unabadilika rangi. Nikajiambia kwamba nakupunguzia kilio cha baadaye.

Siku moja bibi yako alinikuta. Akaninyang'anya kitambaa. "Unamfanya nini mtoto? Hiyo ndiyo midomo anayonyonyea."

Niliona aibu. Kisha nikawa nangoja aende kuchota maji.

Niliendelea mpaka ulipoanza kukaa. Midomo yako haikubadilika hata kidogo, ilikuwa na akili kuliko mimi. Lakini nadhani kitu kingine kilibonyezwa, kwa sababu nilipoacha kitambaa nikaanza na maneno. Resti, funga mdomo ukikaa. Resti, usicheke hivyo mbele ya wageni. Usipake mafuta midomoni, yanaikuza. Na ulipofika miaka mitano ulianza kujiziba kwa mkono ukicheka. Watu waliona ni heshima, wakakusifu, wakanisifu na mimi kwa malezi. Nikapokea sifa.

Unaikumbuka picha ya darasa la saba, ile iliyo ukutani? Hukumbuki kwamba zilikuwa mbili. Ya kwanza mpiga picha alikuchekesha, akakupiga ukiwa umefungua mdomo wote, meno nje, macho yamepotea. Nikamwambia hiyo haifai, apige nyingine. Nikaja nikasimama nyuma yake nikakuonyesha, "Bana midomo, mwanangu, ingiza ndani, hivyo hivyo." Ukabana. Ndiyo niliyoitia fremu. Kila anayeingia nyumbani humu huikuta, msichana mwenye sare safi anayeonekana kama amemeza kidonge kichungu.

Mwaka ule balozi wetu wa nyumba kumi alipoitisha mkutano juu ya wanaojichubua ngozi na kuvaa nywele za bandia, ulikuwa nami. Alihutubia sana. Kasumba, alisema, kasumba ya kikoloni, taifa linajitegemea na akina dada bado wanautaka uso wa bwana mkubwa. Mkewe alikuwa amekaa mstari wa mbele, mashavu meupe na masikio meusi, na sote tulitazama miguu yetu. Nani alipiga makofi kuliko wote? Mama yako. Nilipiga makofi nimejifunga kanga mdomoni. Kwa hiyo sitakuambia kwamba hili la kwako ni kasumba. Huenda ni kasumba. Lakini Mzungu hakuingia chumbani kwetu jioni na kitambaa cha moto. Mimi ndiye niliyeingia.

Wala sisemi kwamba kisu cha daktari ni kibaya. Mtoto wa jirani yetu wa nyuma alizaliwa mdomo umepasuka mpaka puani, akinyonya maziwa yanatokea puani. Mama yake alikuwa anamficha hata kwa mumewe. Daktari wa misheni alimshona, na nilikuwepo siku aliponyonya akashiba mara ya kwanza. Mama yake alilia, mimi nililia, muuguzi naye alilia huku akitufokea kwamba tunaleta fujo wodini. Ni siku ile ulipoanza kusema unataka kuwa muuguzi. Daktari yule aliurudishia mdomo kazi yake. Nimejaribu kufikiri daktari wako wewe atakurudishia nini, na sijaona. Lakini mimi si wewe, sijui unasikia nini ukipita mbele ya wavulana, na sijawahi kukuuliza. Miaka kumi na tisa nimekuambia habari za midomo yako, sijakuuliza hata mara moja.

Juzi nilimwambia baba yako ukweli wa kovu. Nilisema kama naungama kwa Padri. Alikuwa anapaka viatu vyako rangi, hakuinua kichwa. Akasema, "Najua. Kile kikopo nilikiona kwa mama yako, chini ya kitanda." Nikamwuliza tangu lini. Tangu harusi. Barua ya dada yake aliichoma siku ile ile, na hakunisomea barua nyingine tena mpaka aisome kwanza peke yake. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alifikiri akinyamaza ananisitiri, na kwamba kama angesema, ningejua kwamba ni yeye aliyecheka kwanza.

Miaka ishirini, Resti. Yeye ananisitiri kwa kunyamaza, mimi namsitiri kwa uji, na wewe ukakua katikati ya heshima hiyo, ukidhani mama anajiziba mdomo kwa sababu mdomo ni kitu cha kuzibwa. Hatukuwa watu wabaya. Tulipendana vibaya, nadhani ndivyo ilivyokuwa. Baada ya hapo alinishika mkono kwa vidole vilivyojaa rangi ya viatu na tukakaa hivyo mpaka uliporudi kutoka dukani ukauliza mbona chai haijawekwa jikoni.

Sikukatazi. Ningekukataza ungetii, nakujua, kisha ungekwenda na midomo yako hiyo hiyo na kutii kwako, na vyote viwili vingekuwa vyangu badala ya kuwa vyako. Una miaka kumi na tisa, kama niliyokuwa nayo mimi Kasesya. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mtu wa kumwonyesha kikopo kabla sijakifungua. Wewe umenionyesha chako, na nakushukuru kwa hilo. Ukimwendea daktari huyo, mwulize maswali kama muuguzi na si kama msichana. Mwambie akuonyeshe mtu aliyemkata zamani, si wa mwezi uliopita. Mwulize kama yule mtu anasikia chai ya moto, kama anaweza kupuliza moto jikoni. Asipokuwa na majibu, utakuwa umejibiwa.

Na kama utaamua kukata, uniandikie. Nitakuja kukuuguza. Sitasema neno, na wewe unajua hiyo ni gharama kubwa kwangu kiasi gani.

Ile picha ya kwanza sikuitupa. Imekaa miaka yote hii ndani ya kitabu changu cha sala, mahali ambapo nilijua hutafungua. Nimeiweka pamoja na barua hii. Mtazame vizuri huyo mtoto, kisha uniambie ni nani anayemdai apunguze chochote. Mimi nilimdai, na nimeacha.

Nasikia baba yako anabishana na sanduku, na kule njiani kuna mtu anakuja na mfuko mkubwa kichwani, nadhani ni wewe. Barua hii utaikuta chini ya gauni la njano. Usiifungue kabla ya Tunduma, ingawa najua utaifungua basi likiondoka tu. Vyovyote vile, kuna jambo moja utakuwa umeshaliona stendi ukisoma hapa, na sasa unajua maana yake.

Kesho stendi sitavaa kanga ya kujiziba mdomo. Nitasimama upande wa dirisha lako, jua la asubuhi litakuwa usoni kwangu, na baba yako akianza maagizo ya tatu nitacheka kwa mdomo wangu wote, na kovu lake, na upande wake mmoja uliogoma kufunga. Utashtuka. Labda utainua mkono ujizibe, kwa mazoea, badala yangu. Ukiwa umejiziba, siku utakayorudi uushushe, mwanangu, ucheke nami nikuone. Nimekukanda miezi sita na kukubana miaka kumi na tisa, na sijawahi kuitazama midomo yako ikiwa imetulia tu mahali pake.

Ni mimi niliyekuzaa ukiwa umekamilika,

Mama yako